Choo Tunacho

Shamte alipomaliza kujenga choo, hakuna mtu kijijini Utende aliyepita karibu na nyumba yake bila kuitwa akitazame. Kilikuwa cha matofali, kina bati jipya, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na mlango wenye komeo. Mama yake, Bi Time, ndiye aliyekuwa anawatembeza wageni. Alikuwa amehamia hapo kutoka kisiwa cha Jibondo mwaka uliopita, baada ya kumzika mumewe, Mzee Hemedi, na choo hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumfurahisha tangu msiba.

Siku hiyohiyo Shamte alilitupa poti la mwanawe, lile bovu lililopasuka ukingo.

"Swabaha sasa mkubwa," alisema. "Miaka mitatu. Ataingia chooni kama watu."

Swabaha aliingizwa, akachungulia shimo, akaikamata shingo ya baba yake kwa mikono miwili. Wote walicheka. Alipotoka nje akaenda kuchuchumaa nyuma ya banda la kuku, baba yake akamgombeza, naye hakurudi tena nyuma ya banda.

Baada ya hapo mtoto akaanza kucheza. Hivyo ndivyo walivyoona. Alikuwa anakwenda kwenye kinu, anakishika, anasimama kwa vidole, anakaza miguu mpaka inatetemeka, uso unamwiva. Chiku, jirani wa upande wa pili wa ua wa makuti, alimpigia makofi.

"Huyu atatutoa kimasomaso kwenye ngoma, Bi Time. Tazama kiuno."

"Kachukua kwa babu yake," Bi Time alijibu, akafurahi.

Zikapita wiki tatu. Swabaha akaanza kuchafua chupi. Kidogo kidogo, majimaji, mara nne kwa siku, mara tano, wala mwenyewe hajui. Safia, mama yake, akafua mpaka vidole vikachubuka. Bi Time akatangaza kuwa mtoto anaharisha, na anayeharisha dawa yake anaijua. Papai likakatazwa. Machungwa yakakatazwa. Uji ukakorogwa mzito hata kijiko kinasimama. Na maji yakapunguzwa.

Maji ya Swabaha yalikuwa na kipimo chake. Mzee Hemedi, siku alipozaliwa mjukuu wa kwanza wa kike, alichonga kata ndogo kutoka kwenye kifuu cha nazi, akakipiga msasa kwa siku mbili, akakitia mpini wa mti uliobaki kwenye mashua aliyokuwa anaiunda. Jibondo maji yalikuwa yanaletwa kwa mashua, na kila mtoto wa huko alifundishwa mapema: kata asubuhi, kata jioni, katikati ukiona kiu meza mate. Bi Time alihama na kata ile. Utende kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, lakini kata ilikuwa ileile na hesabu ileile. Sasa ikawa kata moja.

Mtoto akapoteza hamu ya kula. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Bi Time alimlaza mapajani amwimbie, mkono wake ukapita juu ya tumbo, ukasimama. Chini ya kitovu, upande wa kushoto, palikuwa na kitu. Kigumu, kirefu kama muhogo mdogo.

Aliacha kuimba. Mzee Hemedi alianza vivyo hivyo. Kwanza kukataa chakula, halafu kindonge tumboni, halafu Dar es Salaam, halafu sanda.

"Safia," aliita, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Vaa baibui. Twende zahanati."

"Sasa hivi, mama? Jua lote hili?"

"Sasa hivi."

Walikwenda mbiombio, Swabaha mgongoni, Bi Time mbele kwa miguu yake ya miaka sitini na nane, akasahau hata kusalimia watu njiani. Nesi alikuwa msichana wa bara aliyeitwa Tumaini, mwenye sauti ya taratibu. Aliinuka kwenye kiti alipowaona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu huyu. Mtazame tumbo."

"Nitamtazama. Kwanza niambieni, mtoto anapata choo?"

"Choo tunacho," Bi Time alijibu upesi. "Kipya. Cha matofali, kina bati na komeo. Kakijenga baba yake."

Safia akaficha mdomo kwenye ushungi. Nesi akajitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Hongereni sana, bibi. Mimi nauliza cha tumboni."

"Ah. Si useme haja, mwanangu. Hicho anacho mpaka kinamwagika. Anaharisha."

"Kinamwagika chooni?"

"Kwenye chupi," Safia akasema. "Majimaji tu. Anashtukia kimeshatoka."

"Na kile chenyewe, kilichoshikana? Mara ya mwisho lini?"

Bibi na mkwewe wakatazamana. Safia akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Kama siku tisa. Kilikuwa kama cha mbuzi, vigololi vigumu. Alilia sana. Kulikuwa na damu, nyembamba kama uzi."

Nesi akauliza mengine. Anatapika? Hatapiki. Homa? Hana. Alipozaliwa alichelewa kupata choo cha kwanza? Hapana, alimchafua mkunga siku hiyohiyo. Akampima uzito, akatazama kadi, akaridhika. Kisha akamlaza kitandani. Bi Time alimtazama usoni wakati mikono yake inapita juu ya tumbo, kama alivyomtazama daktari wa Mzee Hemedi, akingoja yale macho kuhama pembeni. Hayakuhama.

"Bibi, lete mkono wako. Bonyeza hapa, taratibu. Unaona kinavyobonyea? Kama unga uliokandwa."

Bi Time alibonyeza. Kidole kikaacha alama, kweli.

"Hicho ni choo," nesi alisema. "Mtoto amefunga choo."

"Amefunga? Na hii inayomwagika?"

"Kilicho mbele kimekauka, kimeziba njia. Kilicho laini nyuma yake kinapenya pembeni. Ukitazama nguo utasema anaharisha. Wengi wanadanganyika hapo."

Bi Time alikuwa mke wa muunda mashua kwa miaka arobaini na tano. "Kama kalafati mbovu," akasema polepole. "Pamba umeishindilia kwenye mbao, na maji yanapita pembeni."

"Hayo mambo ya mashua siyajui, bibi, lakini nadhani ni hivyo."

Wakati huohuo Swabaha, aliyeteremshwa chini, alishika mguu wa kitanda. Akasimama kwa vidole. Akakaza mapaja, akatetemeka.

"Huyo naye," Bi Time akasema, kwa mara ya kwanza tangu mchana akitabasamu. "Popote anacheza."

"Hachezi, bibi. Anazuia."

Tabasamu likamkauka Bi Time.

"Choo kikimjia anakumbuka maumivu, anakibana kirudi. Kinavyorudi kinazidi kukauka. Siku kikitoka kinamuumiza tena, na anaogopa zaidi. Kulianza lini? Kuna kitu kilibadilika nyumbani?"

Safia akamtazama mama mkwe. Hakuna aliyetaka kukitaja kile choo cha matofali, mwishowe Safia akakitaja: poti lililotupwa, shimo, kugombezwa nyuma ya banda.

"Na maji anakunywa kiasi gani?"

Bi Time akaitoa kata kwenye kikapu. Alitembea nayo kila alipotoka na mtoto. "Hizi mbili kwa siku. Alipoanza kuharisha tukampa moja."

Nesi aliipokea, akaigeuza. Ilienea kwenye kiganja chake. "Kisima chenu kimekauka?"

"Hakijakauka."

"Sasa kwa nini, bibi?"

Bi Time akaitazama kata. Jibondo hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

"Mazoea," akasema.

Nesi hakumlaumu. Akampa kata yake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani, akaeleza. Dawa ya kulainisha choo, kila siku, na wasiiache kikitoka mara moja, maana utumbo uliotanuka unachukua wiki nyingi kurudi. Maji ya kutosha. Papai, chungwa, mchicha, maharage. Poti lirudi, akae kila baada ya kula, dakika chache, miguu ikanyage kitu ili magoti yapande. Asigombezwe, hata akichafua. Akitapika, tumbo likivimba au likimuuma sana, wamlete siku hiyohiyo. Vinginevyo warudi baada ya wiki, ampapase tena.

"Na Chiku mwambie asimpigie makofi," Bi Time alimnong'oneza Safia njiani.

Shamte aliporudi kutoka kazini walimsimulia yote. Kesho yake alileta poti la kijani kutoka mjini Kilindoni, akakata kipande cha ubao cha kuwekea miguu, akakipiga randa kana kwamba anaunda kiti cha sultani.

Ukaanza mngojeo. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili chupi ilichafuka zaidi, na Bi Time akataka warudi zahanati, lakini Safia akamkumbusha nesi alisema inaweza kuwa hivyo. Shamte akapiga simu kutoka kazini kila saa. "Kimetoka?" Mtaa mzima ulishajua. Chiku alichungulia juu ya ua.

"Bi Time, chombo kimeshuka majini?"

"Bado kiko juu ya magogo. Kimepakwa mafuta, kitashuka."

Siku ya tatu, baada ya wali na mchicha, Swabaha aliondoka mkekani akaelekea kwenye kinu. Akakishika. Vidole vikapanda.

Bi Time aliruka kama msichana. Alimnyanyua, akamkalisha kwenye poti, akaiweka miguu yake midogo juu ya ubao, akakaa chini mbele yake, uso kwa uso.

"Mke mwenzangu," akamwita, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wa kike, "hakiumi leo. Kimepewa dawa. Puliza kama unapuliza moto wa jikoni. Mimi nitapuliza na wewe."

Wakapuliza. Safia akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Chiku akachungulia tena juu ya ua. Swabaha akakunja uso, akamtazama bibi yake, akataka kusimama, akabaki. Akapuliza tena. Kisha macho yakamtoka kwa mshangao.

"Bibi," akasema. "Hakijauma."

Safia alichungulia kwenye poti, akadondosha mwiko. Vigelegele vikapasuka uani, vya Chiku vikajibu upande wa pili, kuku wakatawanyika. Simu kutoka kwa Shamte ililia katikati ya kelele hizo, naye hakuhitaji kuuliza.

Bi Time hakupiga kigelegele. Alimlaza mtoto mapajani, akapeleka mkono chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akatafuta. Akarudia kutafuta, polepole, kwa vidole vyote. Palibaki kitu kidogo, laini, lakini ule muhogo haukuwepo. Akauacha mkono juu ya tumbo lile la joto, na machozi aliyoyazuia tangu Dar es Salaam yakashuka yenyewe bila sauti.

"Bibi, maji."

Akachota maji ya kisima ndooni kwa kata ya Mzee Hemedi. Swabaha akainywa yote, akairudisha, akangoja kuambiwa ameze mate.

Bi Time akachota tena. Na tena.