Sikio la Kushoto

Kelele za mashine ya MRI zilimgonga Wassila upande mmoja tu. Sikio la kulia lilisikia kishindo kama cha bati linalopigwa nyundo; la kushoto lilikuwa kimya, kana kwamba nusu ya mashine imezimwa. Alilala bila kujitikisa, kichwa kimebanwa, akijiambia kwamba hata likikutwa jambo baya, Mondher anamsubiri nje ya mlango ule. Mumewe alikuwa amefunga duka lake la vipuri, siku ya soko, ili amsindikize.

Daktari Hayet, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliwaketisha wote wawili mbele ya kompyuta.

"Mnaliona hili doa jeupe? Ni uvimbe, umeota kwenye mshipa wa kusikia, ndani kabisa ya sikio. Si saratani, dada yangu, vuta pumzi. Unakua polepole mno. Ndiyo maana mtu akipoteza usikivu wa sikio moja tunampima hivi, tuutafute." Akashika kalamu. "Sikio lilianza lini kuziba?"

"Mwaka jana hivi," Wassila akajibu. "Wanafunzi wangu wananicheka. Mtu akiniita kutoka kushoto, namtafuta kulia."

"Si mwaka jana," Mondher akadakia. "Ni zamani. Tangu tulipohamia hapa Sfax. Ukisema naye kwa upande ule, hata hashtuki."

"Una mume makini," daktari akasema huku akiandika.

Wassila akamgeukia mumewe. Uso wa Mondher ulikuwa wa mtu anayetamani kulimeza neno lililokwisha kumtoka.

Tangu Sfax. Ni tangu Sfax Mondher alipoanza kulala kushoto kwake, eti amkinge na baridi ya dirisha. Kushoto ndiko alikoketi kwenye kochi, simu shavuni, akinong'ona. Akiulizwa, ni mteja. Na Wassila aliwasimulia walimu wenzake jinsi mumewe alivyo mpole, asiyepaza sauti nyumbani. Kumbe miaka yote hiyo yeye alikuwa amefanywa ukuta wa kufichia minong'ono ile.

Walipotokea ujiani, Wassila akasimama.

"Ulijua."

"Nilidhani ni uchovu tu."

"Ulikuwa unaongea na nani, Mondher?"

"Lini?"

Wassila aligusa sikio lake la kushoto.

"Si hapa," Mondher akasema. "Watu wanatutazama."

Wassila alingoja akane. Hata uongo angeupokea wakati ule. Mondher akatazama sakafu.

Wassila akarudi kwa daktari, peke yake.

"Ningekuja mapema, sikio lingepona?"

"Uvimbe ukiwa mdogo, pengine tungeokoa usikivu. Siwezi kukuapia."

"Na sasa?"

"Tutaufuatilia. Ukizidi kukua, tutautoa kwa upasuaji. Njooni tena baada ya miezi sita."

"Nitakuja na dada yangu."

Daktari Hayet akamtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa.

Nje, jua lilikuwa kali. Wassila alisimama langoni kungoja teksi. Mondher akamfuata, akasimama kushoto kwake kama alivyozoea, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akazunguka nyuma yake taratibu, akaja upande wa kulia, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake.

"Anaitwa Rim," akasema.

Wassila akalisikia jina lote.