Pete za Nguzo ya Nne

Unageuza uso tena. Uligeuza mwaka ule jukwaa lilipoanguka na watu, ukasema ajali haina kinga, ukaagiza chai. Leo hugeuzi. Tazama.

Yule ni Zahor, foremani wa nondo, mzaliwa wa Dubai, mjukuu wa Waunguja. Yuko chini ya daraja linalojengwa juu ya mfereji wa maji ya bahari. Chumvi inakula chuma, ndiyo maana safari hii zimeletwa nondo za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Pete za kuzifunga, za nyuzi hizo hizo, zilipaswa kuja zimekunjwa kiwandani. Zikachelewa. "Zikunjeni hapa hapa, yalla," akasema injinia Ubaid. Vijana wakafanya kama walivyozoea kwa chuma: wakawasha gesi, wakapasha moto, wakakunja. Zikakunjika kama chapati. Zahor mwenyewe akawasifu.

Matia, Mganda mwenye mzaha, akaangusha moja ya pete zilizobaki. Ta! Ikakatika kwenye kona.

"Foremani, hii nondo au biskuti?"

Wakaangua kicheko. Zahor akaokota nyingine, akaikanyaga. Ikakatika. Ya tatu, vivyo hivyo. Gundi imeungua, nyuzi zimechanuka kama ufagio mkuukuu. Kicheko kikafa. Pete nyingine zote zimo ndani ya nguzo ya nne, mbao za kumwagia zege zimeshafungwa, na lori la zege linarudi nyuma likipiga king'ora.

Akamkimbilia Ubaid. "Injinia, simamisha! Pete zimekufa!"

"Ami Zahor, khalas, yamekwisha. Zege likishaingia, nani ataziona?"

"Mwanangu, hapa watapita watoto wa skuli!"

"Na visa yako, ami, iko mkononi mwa nani?"

Bibi yake Ubaid alikuwa akila kwa kina Zahor kila Idi. Na yeye Zahor, hapa alipozaliwa, bado anaishi kwa hisani ya kafeel, mdhamini wa kibali chake.

Akapanda ngazi hadi juu ya nguzo, akakaa palepale pa kuingizia bomba la zege, miguu ikining'inia ndani.

"Nimwagieni mimi kwanza."

"Mzee, umepagawa?" Matia akaita. Kisha akavua glavu, akapanda, akakaa kando yake.

Dereva anapiga honi. Ubaid anapiga simu kwa kafeel. Wawili hao hawatawezana na lori peke yao, nawe umesimama hapo na simu mkononi. Usiseme kesho. Piga kwa wakaguzi, au panda ukae nao. Sasa hivi, zege halijamwagwa!