Vyuma Vyepesi vya Ardis

Mke wangu Ardis alishuka kutoka mlimani theluji ya kwanza ilipoanguka, na mpaka Februari nilikuwa bado nawaambia watu kwamba ameenda kupumzika tu. Mapafu yake yalishindwa na hewa ya huku. Daktari alimtaka aende akaishi chini, naye akaenda kwa kaka yake Lyle, Minnesota, kwenye maziwa na nchi tambarare. Mimi nilibaki Wyoming na karakana yangu ya pikipiki za theluji, kwa sababu sijui kazi nyingine, na kwa sababu ya ubishi. Alipokuwa akiondoka aliniambia, "Theluji ikiyeyuka nitarudi." Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Jumamosi moja Lyle akatokea na pikapu yake, akivuta tela.

"Shemeji, bado u hai?"

"Nikifa nani atakutoa kwenye theluji? Safari hii umekwama wapi?"

"Pale juu ya kanisa. Nilijaribu mashine yangu kidogo tu, vijana wakanikwamua."

"Na vyuma vya kwenu?"

"Na vyuma vya kwetu," akasema, akijikuna shingo.

Nilimcheka mpaka nikakohoa. Watu wa tambarare hawafundishiki. Huku juu hewa ni haba na injini inakosa pumzi, kwa hiyo vile vyuma vidogo vinavyozunguka ndani ya klachi lazima viwe vyepesi. Ukija na vizito vya kwenu, injini inaelemewa, na mashine inapiga magoti katikati ya mlima kijiji kizima kikikutazama. Kila mwaka wanakuja navyo, na kila mwaka tunawacheka.

"Lakini sikuja kwa hilo," Lyle akasema. "Nimekuja kuchukua mashine ya Ardis. Anapumua vizuri siku hizi, anataka kuzunguka ziwani na kina mama wenzake. Kasema uifunge vyuma vya kule."

Nilifurahi kusikia anapumua. Halafu furaha ikaniuma.

Nikafungua boneti, nikatoa mkanda, nikaivua klachi. Ningeweza kuviacha vile vyepesi. Kule chini injini ingepiga kelele kupita kiasi, naye angenipigia simu kunigombeza, na mimi ningemsikia akinigombeza. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Kisha nikavitoa, nikafunga vizito, nikabadilisha na springi. Mashine ya Ardis haitaharibika mikononi mwangu.

Fundi wa huku haachii mashine iteremke bila vyuma vyake vya mlimani. Tunavitia kwenye soksi na kuifunga chini ya kiti, ili mwenyewe akirudi tena mlimani asikwame. Nikatafuta soksi safi, na katika nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake hiyo si kazi ndogo. Nikaifunga vizuri, tukaipakia mashine kwenye tela, kando ya ile yake.

Lyle hakuingia garini. Aliinua kiti, akaitoa ile soksi, akaniwekea kiganjani.

"Shemeji, usinichukie mimi."

"Nini tena?"

"Kasema hivi vibaki huku. Kasema utampa mteja, vitamfaa mtu."

"Kasema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Kasema pia ule vizuri, usiishi kwa kahawa."

Nikaipima ile soksi mkononi, ingawa nilijua uzito wake.

"Mwambie havitamfaa mtu," nikasema. "Nilivikata kwa tupa, kidogo kidogo, majira mazima ya baridi, mpaka vikalingana na uzito wake na namna anavyopanda kilima. Mtu mwingine akivifunga, mashine itamkataa."

Lyle aliangalia viatu vyake. "Nitamwambia."

"Hapana," nikasema. "Usimwambie."

Akanikumbatia, akateremka polepole na tela yake. Nilisimama uani na soksi mkononi nikalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani wa kuuliza kuna nini.