Safu ya Waliohama

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yakigonga vioo vya ofisi ya elimu kama mgeni abishaye bila haja ya kufunguliwa, afisa takwimu wa halmashauri alisimama mbele ya ubao wa shule akiwa na pini ya kijani mkononi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi, hakujua aichome wapi.

Ubao ule ulikuwa fahari yake. Shule zote thelathini na sita zilipangwa humo kwa wastani wa mtihani wa mwisho: pini ya kijani kuanzia sitini, ya manjano kuanzia arobaini, nyekundu chini ya hapo. Shule iliyokaa katika wekundu miaka mitatu mfululizo ilifungwa, watoto wake wakagawiwa shule nyingine. Wenzake walimwita Bwana Rangi, naye hakuchukia. Shule ya bweni ilikuwa imemlea, mahali ambapo shuka ilitandikwa bila kunyanzi na kosa liliitwa kosa, hata likifanywa na mtoto wa mkubwa. Namba haina mjomba, ndivyo alivyopenda kusema.

Shule ya kilimani ilikuwa nyekundu kwa miaka miwili. Sasa imeleta watahiniwa arobaini na wastani wa sitini na tatu. Furaha ilimjia, lakini ikasita kizingitini, kwa maana jicho lake lilikuwa limeshateremka hadi safu ya waliohama. Wanafunzi ishirini na watatu wa darasa la mwisho walikuwa wamehamia shule ya bondeni wiki sita kabla ya mtihani. Atokaye huku sharti aonekane kule. Safu ya waliohama na safu ya waliohamia ni sahani mbili za mzani mmoja. Akafungua faili la bondeni. Waliohamia: sifuri.

Akajumlisha upya. Akabadili kikokotoo, kana kwamba kosa ni la betri. Akaacha kikokotoo akahesabu kwa ncha ya kalamu, fomu moja baada ya nyingine.

"Bwana Rangi, leo ubao umekugomea?" aliuliza mama wa masjala, akiingia na mafaili kifuani.

"Kuna watoto ishirini na watatu wametoka kilimani, hawajafika bondeni."

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Basi hao wanatembea kwa madaha." Akacheka peke yake, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Si umpigie simu mwenye bondeni?"

Alimpigia. Mwalimu mkuu wa bondeni alisikiliza hadi mwisho, akaguna. "Ishirini na watatu? Afisa, mimi waliopo wanakaa wanne wanne kwenye dawati. Wangefika, ungesikia kilio changu huko huko uliko."

Afisa elimu, mkubwa wake, alipita mlangoni akivaa koti la mvua. "Ijumaa madiwani wanataka ubao," alisema. "Wanataka rangi, ndugu yangu. Hadithi tuwasimulie siku nyingine."

Angekuwa mwalimu mkuu mwingine, asubuhi ile ile angekwisha kuandika barua ya kutaka maelezo. Lakini mwenye kilimani alikuwa mwalimu wake wa bweni, miaka thelathini na miwili iliyopita. Kuna orodha aliyoiona wakati ule ukutani, majina ya watakaofanya mtihani wa mwisho, na jina lake limekatwa kwa wino mwekundu. Alikuwa amevurunda mtihani wa majaribio, na mkuu wa shule hakutaka mvulana mmoja aushushe wastani wa shule yenye jina. Mwalimu wa bweni, kijana wa shati moja jeupe, alikwenda ukutani mchana kweupe, akatoa kalamu mfukoni na kuliandika jina lile upya, chini ya yote. Hakumwambia mtu neno. Mvulana alifaulu kwa alama mbili za ziada. Tangu hapo alijisimulia kwamba nidhamu ndiyo iliyomfikisha alipo. Ile kalamu aliiacha nje ya hadithi.

Jumatano alipanda kilimani kwa miguu, matope yakimvuta viatu. Mwalimu mkuu alikuwa amekuwa mzee, mwembamba kama chaki iliyokwisha kutumika, lakini shati lilikuwa bado jeupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unatembea kama mkaguzi."

"Nimekuja kutafuta watoto waliopotea njiani."

Kutoka stoo iliyo nyuma ya madarasa zilisikika sauti zikisoma kwa pamoja, taratibu, zikikwama kwenye neno moja na kulirudia. Wakaifuata sauti. Ndani ya chumba kilichokuwa cha majembe na ndoo walikaa watoto juu ya matofali yaliyofunikwa magunia, kitabu kimoja kwa watoto watano. Walisimama wote kumwamkia mgeni. Bwana Rangi, kwa mazoea yasiyomwomba ruhusa, alihesabu vichwa: ishirini na wanne. Akahesabu tena, akapata ishirini na wanne. Akajilaumu. Fomu zilikuwa ishirini na tatu, na fomu hazikuwa na mazoea ya kumdanganya.

Msichana aliyekaa karibu na mlango, kalamu katika mkono wa kushoto, alimtazama bila woga. "Wewe ndiye unayehesabu shule?"

"Ndiyo."

"Na sisi umeshatuhesabu?"

Mwalimu mkuu alimwambia msichana aendelee kusoma, akamtoa mgeni nje, chini ya ukingo wa paa uliokuwa ukidondosha maji.

"Hawakuwa tayari," mzee alisema. "Wangefanya mtihani Novemba, wangeanguka, na shule ingefungwa. Ikifungwa, hawa watatembea kilomita tisa hadi bondeni. Unawajua watakaofika? Mimi nawajua. Hawafiki kumi. Nikawahamisha kwa karatasi, nikawabakiza kwa miili. Nawafundisha mwenyewe kuanzia asubuhi. Mwaka huu kabla ya Novemba nitawarudisha katika safu ya waliohamia, wafanye mtihani wao, wafaulu."

"Na vitabu? Vitabu vinagawiwa kwa idadi iliyoandikwa."

"Ndiyo maana unaona kimoja kwa watano."

"Mwalimu, huu ni uongo."

"Ni uongo," mzee alikubali, kwa sauti ile ile ambayo zamani alikubalia kwamba mbili na mbili ni nne. "Sikukumbushi lolote, mwanangu. Lakini najua hujasahau."

Aliteremka kilima akiwa hajui kama amekasirika au ameona haya. Alikuwa amezoea wezi wa namba: wanaojiongezea wanafunzi ili waongezewe ruzuku, wanaoandika alama wasizozisahihisha. Huyu alikuwa ameiba watoto katika hesabu ili asiwaibe katika elimu. Au alikuwa ameiba tu, na maneno mazuri yakaja baadaye? Kila alipoligeuza jambo lile lilionyesha uso mwingine. Usiku hakulala vizuri, na alipolala aliota ubao usio na pini hata moja.

Alhamisi asubuhi alifanya kile alichojua kufanya. Kanuni ilikuwa wazi: aliyeandikishwa asipofanya mtihani, hupewa sifuri na huhesabiwa. Akawarudisha watoto ishirini na watatu katika orodha ya kilimani, jina kwa jina. Alama zote elfu mbili na mia tano na ishirini akazigawa kwa sitini na tatu. Akakaa akiutazama mstari wa mwisho.

Arobaini kamili.

Alipiga simu kilimani, na kabla ya saa sita mzee alikuwa ameketi mbele ya meza yake, mwavuli uliolowa ukiwa katikati ya magoti. Bwana Rangi aliigeuza karatasi ili mwalimu aisome. "Wote wamerudi. Shule ni ya manjano. Haifungwi. Kwa fomu zile utapata barua ya onyo, na barua hiyo nitaiandika mimi."

Mzee alisoma, midomo ikicheza kidogo. Alikunja mkono juu ya macho. "Arobaini," alisema. "Arobaini kamili. Mungu hapungukiwi na mzaha."

Pale ndipo jambo lingekwisha. Pini ya manjano ilikuwa mezani, karibu na kidole chake. Lakini hesabu ya jana ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwalimu, mle stoo nilihesabu ishirini na wanne."

Mzee aliuegemeza mwavuli kwenye meza.

"Kitabu cha fomu za uhamisho kina karatasi ishirini na tano," mzee alisema. "Mbili niliziharibu. Alipobaki mmoja, fomu zilikuwa zimekwisha. Nikaandika kwenye daftari kwamba ameacha shule."

"Yule wa mlangoni? Wa mkono wa kushoto?"

"Huyo. Hakuacha hata siku moja. Huja kabla yangu."

Hawakuhitaji kikokotoo. Watahiniwa sitini na wanne. Wastani thelathini na tisa na ushei. Nyekundu, mwaka wa tatu.

"Ukimwandika, shule imekwenda," mwalimu alisema.

"Nisipomwandika?"

"Hakuna atakayejua. Hata yeye."

"Mwalimu, na mimi nilikuwa mmoja tu."

Mzee alimtazama kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi na kuikuta sahihi mahali alipoomba pawe na kosa. Kisha, taratibu, akalitaja jina la msichana, la kwake, la baba na la babu, kama linavyotakiwa kuandikwa. Bwana Rangi aliliandika chini ya yote. Lilitoka limepinda. Hakuliandika upya.

"Lile deni langu, Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa.

Mwalimu alisimama, akaukung'uta mwavuli, matone yakaanguka juu ya sakafu iliyopigwa deki.

"Limelipwa," alisema. "Lote."

Akatoka. Bwana Rangi alisikiliza hatua zake koridoni, akitafuta katika mwendo ule kama neno lile lilikuwa shukrani au kitu kingine, mpaka zikamezwa na mvua. Kisha akafungua kopo la pini nyekundu.