Zamu ya Pamba

"Dawa yako ya kusugulia sakafu ndiyo imemchoma," Msusi alisema. "Juzi nyonga, jana kisigino, leo kisogo. Kesho kutwa nitakuwa na paka kipara."

"Na dawa zako za nywele unazorudi nazo kwenye aproni, je?" wifi yake alijibu bila kugeuka kutoka kwenye sinki. "Wateja wako wenyewe wanatoka saluni wakijikuna. Unataka paka asijikune?"

Mtunza ghala, kaka wa mmoja na mume wa mwingine, alikuwa mezani na rula yake. Kila Jumamosi alichora karatasi ya zamu: siku juu, saa pembeni, katikati jina la mwenye zamu. Mama yao alikuwa na mwezi wa nane kitandani tangu apooze, na hospitali ilisema ageuzwe kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia. Ghalani kila kinachoingia na kutoka hutiwa alama ya vema, na utaratibu huo ndio aliouleta nyumbani. Mwanzoni kila mtu alitia vema akishamgeuza. Baadaye waliona kukimbilia karatasi kila mara ni usumbufu, basi siku hizi Mtunza ghala alitia vema za wiki nzima Jumamosi asubuhi, ili kazi isilimbikizane.

"Mpelekeni kwa daktari," alisema, akipuliza wino ukauke. "Mnapigia kelele watu walio kazini."

Msusi alimtia paka huyo, Pamba, kwenye kikapu chake cha rola akaenda. Nywele alizijua. Alijua zilizokatika kwa joto, zilizoungua kwa dawa, na zilizochoshwa na kusukwa kwa kukazwa. Manyoya ya Pamba yalitoka na mizizi yake, kwa mduara, na ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, yenye majimaji katikati.

Daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye maneno machache, alimchana Pamba mgongoni kwa kitana chembamba. Hakukuwa na viroboto. Alimmulika kwa taa kutafuta mapunye, hayakuwapo. Alikwangua ngozi kidogo akaiangalia kwenye darubini, hakuona utitiri. Aliuliza kuhusu chakula, akaambiwa ni kilekile cha miaka yote. Ndipo akamlaza ubavu, akagusa mabaka kwa kidole kimoja: nyonga mbili, mfupa wa mkia, visigino, kisogo.

"Nani anaumwa kwenu?"

"Mama yangu. Yuko kitandani."

"Paka analala naye?"

"Miguuni pake. Huyu ni paka wake."

Daktari alinawa mikono. "Hivi ni vidonda vya mtu anayelala upande mmoja bila kugeuzwa. Ni vya mama yako, paka amembebea tu. Huwa naletewa mmoja au wawili kila mwaka." Aliandika kwenye kadi. "Nitakupa marhamu, lakini dawa yenyewe ni kumgeuza mgonjwa."

"Tunamgeuza. Kuna karatasi."

"Sikuulizia karatasi, dada yangu."

Msusi alifunika kikapu. "Na paka akifa?"

"Vinarudi kwa mwenyewe."

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini ngozi ya mama yake ilikuwa nyororo kama ya mtoto. Wageni walikuwa wakiinua shuka, wakitikisa vichwa, na kusema: miezi minane, hata mchubuko hana, watoto wa namna hii wako wapi siku hizi? Mtunza ghala huwaonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Alimuuliza mama. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka.

"Nilimwambia ashuke," mama alisema. "Hasikii. Ana kichwa kigumu kama nyinyi."

Jumapili Msusi hakutoka. Alimgeuza mama tangu asubuhi mpaka jioni, kila baada ya saa mbili, akimwekea mto katikati ya magoti. Mama alikuwa mzito, na kufikia alasiri kiuno cha Msusi kiliuma kana kwamba amesuka vichwa vitatu vya rasta ndogondogo bila kuketi. Jioni nyonga ya Pamba ilikuwa imekauka, na juu yake vimeota vinyweleo laini. Aliwaita kaka na wifi wakavitazama chini ya taa.

"Kumbe inawezekana," wifi alisema.

"Jumapili inawezekana," Mtunza ghala alisema. "Kesho nani yuko nyumbani?"

Wifi alikuwa na kaunta ya posta. Msusi alikuwa na bibi harusi na dada zake wanne. Karatasi ilikuwa na vema zote za Jumatatu, zimenyooka kwa mstari.

Kufikia Jumatano vinyweleo vilikuwa vimedondoka, na Pamba alikataa kula. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, Mtunza ghala aliwaita wote mlangoni kwa mama.

"Huyu akifa, vidonda vinahamia kwa Mama," alisema. "Watu wakija kumwona, tutawaambia nini?"

Alipitisha kidole kwenye majina ya karatasi ya zamu.

"Ghalani mtu mmoja akielemewa, tunaongeza wa pili. Wanapeana zamu."

Wifi alisema mwenye bucha mtaa wa pili ana paka hata hajui awapeleke wapi. Msusi alitoa rola kwenye kikapu, akavaa viatu.

Kwenye bucha walikuwa sita. Aliwashika mmoja mmoja, akivuta manyoya kwa vidole viwili kuona yameshika vipi, kama anavyomfanyia mteja mpya. Alichagua dume kubwa la kijivu ambalo unyoya hata mmoja haukung'oka.

"Mchukue, shangazi," mwenye bucha alisema. "Huyo anakula kuliko mimi."

Alifika nyumbani saa nane kasoro dakika tano, akamweka kitandani, akamhamishia Pamba kwenye kiti. Yule wa kijivu alizunguka mara mbili, akajikunja kwenye visigino vya mama, akafumba macho. Mama alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, kama alivyoachwa tangu asubuhi.

Msusi alichukua rula, akaongeza kwenye karatasi safu mbili, moja ya Pamba, nyingine ya mgeni.

"Pole, mwanangu," mama alisema.

"Asante, Mama," Msusi alijibu kutoka mlangoni. Alipogeuka aliona mama anamtazama paka. Ilikuwa saa nane kamili. Alitia vema, akaenda kazini.