Hakuna Watu

Shati tatu za Bwana Mipango zilikuwa bado ndani ya maji ya wanga Mama Pasi alipojigonga goti kwenye nguzo ya mpaka, mara ya nne wiki ile. Aliuma meno, akaegemea ukuta, akasubiri maumivu yapite. Nguzo yenyewe ilikuwa ya zege, inamfikia kiunoni, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Walioisimika hawakujihangaisha kuisogeza hata hatua mbili. Waliichimbia mbele ya kizingiti chake, kana kwamba mlango ule umechorwa ukutani kwa chaki na nyuma yake hapalali mtu.

"Ipe shikamoo," alisema Kisigino, fundi viatu wa mlango wa pili, misumari midogo ameibana midomoni. "Mkubwa huyo. Sisi miaka yote hii hatuna namba ya nyumba, yeye kaja juzi na namba keshapewa."

Kweli ilikuwa nayo, imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe: 47.

"Niangalizie mama," alisema Mama Pasi. "Na hizi shati usiziguse kwa mikono yako ya gundi. Nikirudi nazipiga pasi. Kesho mwenyewe anaweka jiwe la msingi."

"Jiwe la msingi la wapi?"

"La hapa unapokaa, shemeji. Unauliza kama hujui."

Kisigino alitema misumari kiganjani, akacheka kidogo, kicheko kikavu. Wote walijua. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye bomba la maji tangu Jumatatu: eneo limepangiwa bohari kubwa la mizigo na barabara ya malori, na mwenye pingamizi afike Ofisi ya Mipango kabla ya saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa. Ijumaa yenyewe ndiyo ilikuwa leo. Kwenda, wangekwenda wote, lakini Ijumaa ni siku ya kazi na kibarua hakingoji. Waliobaki uchochoroni walikuwa wale wanaofanyia kazi mlangoni kwao, na kati yao ni Mama Pasi aliyekuwa na jina ofisini. Shati za wakubwa wa pale zilipita mikononi mwake kila wiki.

Ndani, mama yake alikuwa amelala ubavu, nyonga mbovu juu.

"Unakwenda wapi na viatu vya harusini?"

"Ofisini, mama. Kuwaambia tupo."

"Kwani hawaoni moshi?"

 Mama Pasi alichukua kadi yake ya kupigia kura, kadi ya kliniki ya mama, na picha moja ya uchochoro mzima siku bomba lilipofunguliwa. Akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaizunguka nguzo, akaenda.

Ofisi ya Mipango ilikuwa na dirisha moja lenye kitundu cha kupitishia karatasi, kimewekwa chini mno, hivyo kila aliyetaka kusema ilibidi ainame. Alipofika saa nne, mbele yake walikuwepo watu kumi na mmoja. Saa saba karani alifunga pazia akaenda kula. Saa nane kasoro alirudi, anachokoa meno. Mama Pasi alipoinama hatimaye, kiuno kilikuwa kinamwambia habari zake chenyewe.

"Pingamizi," alisema.

"Fomu ya pingamizi ni ya wakazi. Namba ya nyumba?"

"Hatujapewa namba."

"Kwa nini?"

"Tuliomba. Mlisema namba hutolewa baada ya eneo kupimwa. Mmelipima, mkaipa namba nguzo."

Karani aliandika kitu, akakikata. "Bila namba ya nyumba wewe si mkazi. Chukua hii, fomu ya mwenye maslahi anayeishi mbali."

"Mimi naishi wapi mbali, mwanangu? Nimetoka kitandani kwangu asubuhi hii."

"Mama, mimi sijakuuliza ulikotoka. Nafuata karatasi."

Mama Pasi alipitisha kadi ya kura kwenye kitundu. "Soma hapo. Uchochoro umeandikwa. Mwaka wa kura mlijenga jukwaa kwenye bomba letu, mkatuita ndugu wananchi kwa vipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Siku ile tulikuwa watu au hatukuwa?"

Nyuma yake mtu aliguna kwa kuunga mkono. Karani alirudisha kadi kwa ncha ya kidole.

"Kura ni idara nyingine."

Wakati huo ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, akatoka Bwana Mipango mwenyewe. Alikuwa mtu mnene kiasi, mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza. Shati alilovaa Mama Pasi alilijua kama anavyojua kiganja chake, kola aliigeuza mwenyewe ilipochakaa.

"Aa, Mama Pasi! Shati zangu vipi?"

"Ziko kwenye wanga, bwana. Nimekuja kwa jambo jingine."

Alimkaribisha ndani. Ukuta mzima wa chumba kile ulikuwa ramani. Mji ulikuwa umelala pale kama nyama iliyogawanywa kwa wenye nyumba na wageni wao: kijani makazi ya wakubwa, zambarau viwanda, njano maduka, na mstari mnene mwekundu ulioshuka toka barabara kuu. Bwana Mipango aliueleza kwa kalamu bila kuulizwa. Ukanda wa maendeleo, alisema. Mizigo itoke huku, ipite huku, iende nchi jirani. Ajira. Mzunguko wa fedha. Mama Pasi hakuitazama kalamu. Alitafuta bomba, akalikuta, nukta ndogo ya bluu, na pembeni yake pale ambapo watu walizaa, wakazika, wakagombania foleni ya ndoo, palikuwa peupe. Hapakutiwa hata rangi. Katikati ya ule weupe, kwa herufi nadhifu: ENEO TUPU.

"Hapa ndipo kwangu," alisema.

"Hapo hakuna watu, mama."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni Mama Pasi. Nazungumzia kumbukumbu." Alivuta faili, akalifungua, akaligeuza ili aone. "Mwaka juzi tulihesabu. Mlango kwa mlango. Tulipiga hodi milango mia na kumi na miwili. Soma."

Alisoma. Mlango wa kwanza: Hakuna watu. Wa pili: Hakuna watu. Karatasi nne, juu mpaka chini, mwandiko uleule uliotulia wa mtu asiye na haraka. Hapo alikumbuka.

Uchochoro wao ulikuwa na desturi yake. Viatu vya ngozi vikisikika kwenye kokoto, aliyeviona kwanza alikohoa mara tatu, na milango ikafungwa. Mwenye viatu vya ngozi hakuwahi kuja kwa heri. Alikuja kwa leseni, au kwa choo, au kwa ushuru wa kitu kilichokuwa bure jana. Akibisha sana, aliye ndani alijibu kwa sauti kubwa: "Hakuna watu!" Ulikuwa mzaha na ulikuwa ngao. Hata maofisa wenyewe waliuzoea, wakacheka, wakapiga teke mlango mara moja, wakaenda zao. Siku ile ya kuhesabu alikuwa amesimama na pasi ya mkaa mkononi. Hodi ilibishwa. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alijibu.

"Lakini mtu alijibu," alisema polepole. "Mlango usio na mtu haujibu."

"Ndiyo. Alijibu kwamba hakuna watu."

"Na huyo aliyejibu ni nani?"

Bwana Mipango alipitisha kidole kwenye safu. "Haijaandikwa."

"Mliandika sauti, mkaacha koo."

"Serikali haibishani na jibu la mwananchi, mama. Tuliuliza kwa adabu, mkajibu wenyewe. Sasa nikisema mlidanganya, hilo nalo ni kosa kisheria. Unataka nikuandikie kosa?"

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mwingine shuka. Hapo ndipo hasira ilipompanda Mama Pasi, toka kwenye goti lililovimba hadi kichwani. Angeweza kuvumilia kufokewa. Kufokewa kuna heshima yake, humfokei mtu asiyekuwepo.

"Mama yangu alikimbia kwao usiku mmoja," alisema. "Wakubwa wa pande mbili waligombania mto, wakapiga mstari katikati ya shamba lake, kila upande ukamwambia yeye ni wa upande ule. Walipiga mstari kwa bunduki. Ninyi mmetumia penseli. Kwa mguu wa mama yangu tofauti ni ipi?"

"Hiyo ilikuwa vita. Haya ni maendeleo."

"Kwenu maendeleo. Kwetu maondoleo."

Bwana Mipango alicheka, kwa dhati kabisa, akatikisa kichwa kama aliyesikia mchezo mzuri wa maneno. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika mbili. Huko nje karani alikuwa ameshafunga pazia.

"Basi," alisema, akisimama. "Shati nitazipitia mwenyewe saa kumi na moja. Kesho nina mgeni rasmi, wanga uzidishe kwenye kola."

"Utapajua?"

"Nitashindwaje? Ukipita bomba, mlango wa bluu, mkono wa kushoto. Si nimetuma shati pale miaka sita?"

Mama Pasi alimtazama usoni, kisha akautazama ule weupe ukutani, kisha akamtazama tena.

"Kumbe unapajua."

"Kujua ni kujua, mama," alisema Bwana Mipango, akimfungulia mlango. "Kuandika ni kuandika."

Alirudi kwa miguu. Njiani alipita kwa muuza mkaa, akakuta kopo limepanda tena bei na limepungua kimo. Alisimama mbele ya gunia na kopo mkononi. Kisha akalirudisha, akaenda zake bila kununua.

Uchochoroni walimsubiri watu sita au saba, waliotangulia kutoka vibaruani. Hakuna aliyeuliza. Uso wake ulikuwa umeshafika kabla yake.

"Walituhesabu," alisema. "Wakapata sifuri. Ile siku tuliyojibu hakuna watu, waliandika." Alimeza mate. "Na mlango wa kwanza kwenye karatasi ni wangu. Mimi ndiye niliyeanza."

 Mwanamke wa nyumba ya mwisho alikaa chini palepale, juu ya ndoo yake iliyopinduliwa.

"Usijipe ukubwa," alisema Kisigino. "Hata mimi nilijibu. Tena na misumari mdomoni, nikakaribia kuimeza. Na huyu alijibu, na yule. Mwizi akikukuta umejifunika shuka, atasema ulikuwa maiti ndiyo maana kabeba kitanda?"

Mtu alicheka, akaacha. Mwingine aliuliza tingatinga linakuja lini. Jumatatu, alisema Mama Pasi, aliiona tarehe kwenye faili. Baada ya hapo hapakuwa na la kuuliza, wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, kila mtu akipiga hesabu kichwani: mabati yangapi, nani ana mkokoteni, binamu gani hajachoka kuwaona.

Mama Pasi aliingia uani. Shati tatu zilikuwa ndani ya wanga, zimenyonya mpaka basi. Maishani mwake hakuwahi kumpa mtu nguo ambayo hajaimaliza kuipiga pasi. Nguo ya mtu ni amana, mama yake alimfundisha hivyo, na kwa neno hilo moja alikuwa amelea watoto. Aliinua shati la kwanza, akalikamua. Akatazama pasi, imekaa juu ya tofali, tumbo lake tupu, limejaa majivu ya jana.  Kisha akakamua la pili, na la tatu, akazisokota kama kamba, akatoka nazo nje.

Saa kumi na moja kamili viatu vya ngozi vililia kwenye kokoto. Kutoka kwa Kisigino kilitoka kikohozi, kimoja, viwili, vitatu. Milango ikafungwa, kwa utaratibu, mpaka mwisho wa uchochoro.

"Hodi! Hodi, Mama Pasi!"

Nyuma ya mlango wa bluu Mama Pasi alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

"Hakuna watu," alijibu.

Bwana Mipango alicheka. "Haya, mama, umenipata. Nipe shati, nina haraka."

"Hakuna watu."

"Nimesikia sauti yako."

"Tafuta kwenye faili kama sauti inahesabiwa."

Akabisha kwa ngumi. Akaenda mlango wa pili, akabisha, Kisigino akajibu, polepole, kwa adabu ya ofisini, "Hakuna watu, bwana." Akabisha wa tatu. Hakuna watu. Uchochoro mzima uling'ang'ania neno hilo, sauti za wazee na za wenye mafua, hata milango ambayo haikubishwa ilijibu. Aliporudi kwenye mlango wa bluu ndipo alipoyatambua matambara aliyoyapita mara ya kwanza. Shati zake tatu nyeupe zilikuwa zimefungwa juu ya nguzo namba 47, moja juu ya nyingine, mafundo yamekauka kwa jua na wanga mpaka yamekuwa magumu kama mti, na rangi nyekundu ya kichwa cha nguzo imepenya kwenye kola.

Alivuta. Hazikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, akijigonga goti, na kitu kikachanika.

"Nani kafanya hivi?" Sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. "Nauliza, nani kafanya hivi?"

"Haijaandikwa," alisema Mama Pasi.

Alisikia pumzi zake huko nje, kisha tusi, kisha viatu vikiondoka kwenye kokoto, kimoja kikichechemea. Uchochoro haukushangilia. Jumatatu ilikuwa Jumatatu ileile. Kutoka jirani, nyundo ya Kisigino ilianza kugonga upya.

Kitandani mama yake aligeuza shingo.

"Nani alikuwa anabisha hivyo?"

Mama Pasi alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaanza kufunga vyombo.

"Hakuna mtu, mama."