Karatasi ya Akiba

Redio Kivuko ya Ifakara ilikuwa na watangazaji sita, lakini watu wa Lihangule walimhesabu mmoja tu. Huyo alikuwa Febronia, binti yao, aliyesoma matangazo kila siku saa saba na nusu mchana, akianza na ya ofisi na kumalizia na ya vifo. Wengine wakisoma, Lihangule walisikiliza kwa adabu, kisha wakasubiri. Mtangazaji mmoja wa asubuhi aliwahi kumtangaza marehemu mzee ambaye saa hiyohiyo alikuwa shambani kwake anafukuza nyani. Tangu siku hiyo ikawa kama sheria kijijini: kama hajasoma Febronia, hajafa mtu.

Lihangule iko mbele ya Masagati, na Masagati yenyewe iko mbele ya Mlimba, na ukishuka treni Mlimba usijisifu kwamba umefika. Masika ikishika, njia inakuwa tope la magoti, na kwa miezi mitatu haiingii gari wala pikipiki. Mwandishi wa habari hajawahi kukanyaga huko hata kwa kupotea njia. Mwaka ule daraja la miti liliposombwa na maji pamoja na mama mmoja na mwanawe, gazeti liliandika mistari minne na kusema imetokea katika "kijiji kimoja mkoani Morogoro". Kijiji kimoja! Hata jina hawakuona haja ya kuuliza. Asiyekuwepo na lake halipo, na Lihangule haikuwepo.

Ndiyo maana serikali ilipotangaza ufadhili wa kusomesha wanahabari kutoka vijiji visivyosikika, Febronia alihisi ameitwa kwa jina lake. Vijiji kumi vilitajwa, Lihangule kikiwemo, kila kijiji mtu mmoja. Miaka miwili ya chuo, ada na chakula na malazi vyote juu ya serikali, kisha unarudi kwenu na vifaa vya kurekodia, unaajiriwa kuandika habari za kwenu. Mwombaji awe mzaliwa wa kijiji, awe na barua ya utambulisho yenye mhuri wa kijiji, na asiwe amevuka miaka thelathini. Febronia alikuwa na ishirini na tisa na miezi minane. Miaka sita alikuwa amefanya kazi redioni kwa kujitolea, akiishi kwa posho na vitumbua. Kama si mwaka huu, basi tena.

Aliyemletea habari hiyo ni Lukelo, meneja wa redio. Huyu ndiye aliyemtoa sokoni, Febronia akiwa anauza samaki wa kukaanga, baada ya kumsikia akiita wateja kwa sauti iliyofika mpaka stendi. Alimfundisha kukaa mbele ya kipaza sauti, kuvuta pumzi bila kusikika, kutamka jina la marehemu taratibu ili hata aliye jikoni alipate. Alimwita mwanangu. Na kwenye ukuta wa studio, juu ya trei za mayai zilizozuia mwangwi, alikuwa amebandika amri mbili kwa mkono wake. Ya kwanza: matangazo ya vifo hayakatwi, hata radi ipige. Ya pili: aliyesoma kosa ndiye atakayelisahihisha, kwa sauti yake, kesho yake saa ileile. Febronia aliziamini amri hizo kama alivyoamini sala ya Baba Yetu.

Sasa tuje kwenye mhuri. Mhuri wa Lihangule unakaa kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Dionisi, ambaye ni baba mkubwa wa Febronia na ndiye aliyemlea tangu baba yake, Damiani, alipofariki. Kwa kuwa masika huifunga Lihangule, watu wake wana desturi yao. Anayekwenda Ifakara kabla ya mvua kubwa hupewa karatasi tupu, zimegongwa mhuri na kutiwa saini chini kabisa, ili mgonjwa akihitaji barua ya hospitali au mtoto akihitaji ya shule, mtu aiandike hukohuko mjini. Sheria hairuhusu, hilo wanalijua. Lakini sheria haijawahi kukaa Lihangule mwezi wa nne.

Mzee Dionisi alimpa Febronia karatasi mbili.

"Hii ya kwako," alisema. "Na hii ya akiba, ile mashine ya ofisini kwenu isije ikaitafuna ya kwanza."

Chumba cha Febronia kilikuwa mtaa wa Lumemo, kando ya mto, na mto ukijaa kila kitu kilicho chini ya kitanda hulowa. Kwa hiyo alizitia karatasi zote mbili katika bahasha, akaandika jina lake juu, akamkabidhi Lukelo aziweke kwenye droo ya ofisi. Lukelo mwenyewe ndiye aliyemchapia barua kwenye ile ya kwanza, akaisoma mara mbili na kumrekebishia maneno. Ya akiba ikabaki kwenye bahasha. Febronia hakujua mahali salama kuliko ile droo.

Majibu yalikuja siku ya Jumatano. Silvano, fundi mitambo, aliyapokea kwenye kompyuta dakika chache kabla ya matangazo, akayachapa na kumkabidhi Febronia mlangoni, taa nyekundu ikiwa tayari inawaka. Lukelo alikuwa ametoka. Febronia akaketi, akasalimia wasikilizaji, akaanza kusoma orodha. Majina sita yakapita. La saba, akavuta pumzi kama alivyofundishwa.

"Kijiji cha Lihangule," alisoma. "Dativa Fredy."

Jicho lake lilirudi kwenye mstari, likaona vilevile. Mdomo ukaendelea, maana ulishazoea kusoma mambo ambayo moyo haujayamaliza. La nane, la tisa, la kumi. Kisha vifo vya siku hiyo, viwili, na shukrani za familia.

Alipotoka tu, simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, Bernadeta, amepanda kwenye kile kilima cha kijijini ambako mtandao wa simu hushika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumekusikia vizuri. Ila tunaulizana huku, huyu Dativa Fredy ni mtoto wa nani? Stefania anasema labda ni wa yule Fredy aliyehamia Kilosa zamani. Mimi simkumbuki. Lakini kwa kuwa umesoma wewe, basi yupo."

Febronia alisema mtandao unasumbua, akakata.

Febronia mwenyewe alimfahamu Dativa Fredy. Ni binti wa dada yake Lukelo, kazaliwa Kidatu, kakulia Kidatu, mabasi ya Mikumi yanapiga honi mbele ya mlango wao. Likizo moja alikuja redioni kumsalimia mjomba wake, akapiga picha na kipaza sauti, akaondoka. Mlimba penyewe alipaona kwenye ramani, kama alipaona.

Akaenda ofisini, akavuta droo. Bahasha ilikuwa palepale, jina lake juu yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Ndani hamkuwa na kitu.

Lukelo alirudi saa kumi. Alipomwona Febronia amekaa kwenye kiti chake na bahasha mapajani, hakushtuka wala hakukana.

"Funga mlango, mwanangu," alisema.

"Ile karatasi ilikuwa yangu."

"Ilikuwa ya akiba."

"Mwalimu, Dativa ni wa Kidatu."

"Najua alikozaliwa, ni mpwa wangu." Akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wageni. "Nisikilize kwa utulivu. Wewe kazi unaijua tayari. Watu wanakuamini, bonde zima. Cheti cha nini? Dativa amemaliza shule, yupo nyumbani tu, dada yangu ananililia kila wiki. Na wewe ukiondoka miaka miwili, hii redio atabaki nani? Nimekutoa kwenye kikaango, Febronia. Nimekukosea nini mpaka unitazame hivyo?"

Febronia alitaka kulia, hasira ikamzuia. Kumbe zile sifa zote, kila "umesoma vizuri leo", zilikuwa kamba ya kumfungia mahali alipo. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa nguo yenyewe.

"Halafu," Lukelo aliendelea, akishusha sauti kama anayeomba chumvi kwa jirani, "wiki ijayo watu wa mfuko wa ufadhili wanakuja kuwapiga picha walioteuliwa. Nilikuwa nataka kukuomba umfundishe Dativa salamu mbili tatu za Kindamba. Na jina la ule mto wenu."

Kuna watu Mungu aliwanyima aibu, akawafidia kwa sauti nzuri.

"Walihakiki," Febronia alisema. "Kwenye masharti waliandika kwamba watapiga simu kijijini. Walipigaje wakakubali?"

Lukelo akaangalia dirishani. "Hilo muulize baba yako mkubwa."

Alimpigia mzee Dionisi jioni hiyohiyo, amesimama nje ya lango la redio, malori ya mpunga yakipita. Mzee alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi akiingoja.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba."

"Walikupigia watu wa mfuko?"

"Walinipigia."

"Wakauliza nini?"

"Walisema wana barua mbili, zote za mhuri wangu. Wakaniuliza Dativa ni wa kwangu? Nikasema ndiyo, ni binti yetu."

"Humjui."

"Simjui. Lakini yule bosi wako alinitangulia. Alinipigia siku moja kabla. Akaniambia nikisema simjui, wataniuliza mhuri wangu umefikaje kwenye barua ya mtu nisiyemjua. Mama, mimi nina miaka sitini na nane. Mahabusu nitafia huko."

Mzee huyu alimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa Febronia alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee. Siku hiyo neno hilo lilimchoma.

"Na mimi je? Barua ya pili ilikuwa yangu. Waliuliza habari zangu?"

Mzee akakohoa. "Nafasi ilikuwa moja."

"Uliwaambia nini, baba mkubwa?"

"Niliwaambia..." Sauti ikazama, ikarudi. "Niliwaambia wewe ulishaolewa Ifakara, ulihama zamani. Kwamba si wa huku tena. Usiseme kitu, mama. Nakuomba kwa jina la baba yako."

Febronia hakuwahi kuolewa. Alikaa Ifakara miaka sita akihesabu kila masika kwamba ndiyo ya mwisho kabla hajarudi na kazi ya maana mkononi. Wizi wa Lukelo aliuelewa, maana mwizi huiba anachokikuta. Lakini huyu aliyemfundisha kutembea alikuwa amemfuta kijijini kwa simu ya dakika tatu, akiwa amesimama juu ya kilima kilekile ambako mama yake hupanda kumpigia.

Kesho yake alifika kazini mapema, akakaa studioni na masharti ya ufadhili akiyasoma neno kwa neno. Akinyamaza, atabaki na meza yake, na baba mkubwa na kiti chake, na Dativa atakwenda chuo. Akisema, mzee anaweza kukamatwa. Na yeye hatachukua nafasi ile, maana barua yake nayo iliandikwa Ifakara juu ya karatasi tupu, na masharti yalisema mwenye barua isiyo halali hafikiriwi tena. Mwakani atakuwa amevuka umri. Hapakuwa na njia hata moja iliyomfikisha chuoni. Aliyatazama hayo mpaka akayazoea, kisha akainua macho kwenye ile karatasi ya amri mbili ukutani.

Saa saba na nusu taa nyekundu ikawaka. Silvano alikuwa upande wa pili wa kioo, na Lukelo nyuma yake amesimama na kikombe cha chai, akimwangalia Febronia kama anayekagua kama mwanae amekula. Febronia akasoma matangazo ya ofisi. Akasoma kifo cha kwanza, cha mzee Emanuel wa Mngeta, polepole, jina lote. Hapo katikati, kabla ya kifo cha pili, akaiweka pembeni karatasi aliyopewa.

"Ndugu wasikilizaji, kabla sijaendelea na tangazo la msiba wa pili, nina marekebisho. Jana saa kama hii nilisoma kwamba aliyeteuliwa kutoka Lihangule ni Dativa Fredy. Lihangule haina mtu wa jina hilo. Mnaoulizana huko nyumbani ni mtoto wa nani, acheni kuulizana."

Kikombe kikatua mezani. Lukelo akamwashiria Silvano kwa mkono, kata, kata. Kidole cha Silvano kikafika kwenye swichi, kikasimama. Mahali fulani bondeni kulikuwa na familia inayongoja kusikia tangazo la msiba wao, na amri ya kutokata ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha Febronia, kwa mwandiko wa bosi mwenyewe.

"Barua yake," Febronia aliendelea, "iliandikwa katika ofisi ya redio hii, juu ya karatasi tupu iliyogongwa mhuri na mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Dionisi, baba yangu mkubwa. Karatasi hiyo niliibeba mimi. Barua yangu mimi nayo iliandikwa hivyohivyo, kwa hiyo na mimi sistahili. Lihangule mwaka huu haina mtu."

Lukelo alikuwa amefika mlangoni, anagonga kwa kiganja, na mlio huo uliingia hewani ukasikika mpaka Masagati. Febronia akasogeza mdomo karibu na kipaza sauti, kama alivyofundishwa kufanya pakiwa na kelele.

"Mimi naitwa Febronia Damiani. Sijaolewa. Ni mzaliwa wa Lihangule, na mama yangu Bernadeta ananisikiliza sasa hivi."

Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita pumzi yake ikasikika. Kisha akaivuta karibu ile karatasi aliyoiweka pembeni.

"Tangazo la pili. Bi Serafina wa Mlimba anasikitika kutangaza kifo cha mume wake. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu wote wa Masagati, na wa Lihangule."